Wimbo Nilioukana

Ofisi ya Usharika, Igowole
Jumatano, saa kumi jioni

Lusungu, mama,

Kamwene. Hii nayo usipoiitikia sitashangaa, maana wiki ya tatu sasa nakusalimia na wewe unaitikia huku unaangalia jiko. Naona, mwanangu. Nimezeeka, sijapofuka.

Nakuandikia nikiwa ofisini kwa sababu nyumbani mama yako angesimama nyuma yangu kusoma kila mstari. Yeye ndiye aliyenituma. Amesema, "Baba Lusungu, wewe ndiye mwenye maneno. Mwandikie mtoto, mwambie kesho asubuhi kabla ya gari apite kwa mchungaji aseme hiyo sentensi ya kutubia, yaishe." Na mchungaji amekubali. Hutasimama mbele ya usharika mzima. Utakuwa wewe, yeye na wazee wawili mashahidi, sebuleni kwake, dakika tano. Ukisema, unarudishwa kundini na unapewa barua safi ya uhamisho ya kuonyesha usharika wa Mbeya. Usiposema, unaondoka ukiwa chini ya marudi: hushiriki meza ya Bwana, husimamii ubatizo wa mtoto wa mtu, na siku ukipata mchumba hakuna wa kuwafungisha ndoa kanisani. Haya unayajua. Mimi ndiye katibu, mimi ndiye niliyekusomea.

Basi nimetumwa nikushawishi. Nimewasha taa mapema, maana ukungu umeshuka mpaka dirishani na mashamba ya chai ng'ambo hayaonekani tena. Nimeandika mistari mitatu ya kukushawishi, nikaisoma, nikaichana. Ilikuwa mizuri sana. Ndiyo maana nimeichana.

Mambo ya blanketi, kadi ya bima na kutokula chipsi kila siku mama yako ameshayasema, na atayarudia kesho mpaka gari liondoke. Mimi nina jambo moja tu, na ni la aibu.

Wewe unanijua kama mtu wa kitabu cha nyimbo. Redio yetu ilikuwa ya taarifa ya habari na kwaya, basi. Ulipokuwa darasa la sita ulikuwa unafua uani huku unaimba bongo fleva, nikatoka nikakufokea mpaka ukapiga teke beseni. Mama yako akaniambia, "We baba, mtoto anafua, anaimba, kosa liko wapi?" Nikarudi ndani. Sikuwa na hasira na bongo fleva, mama. Nilikuona unaimba umefumba macho, nikaogopa.

Sasa kaa chini nikwambie. Baba yako alikuwa mtu wa roki.

Usicheke. Au cheka, haki ya Mungu nimekimisi kicheko chako.

Kabla sijamwoa mama yako nilikuwa Mbeya, huko huko unakokwenda, najifunza ufundi redio kwa mzee mmoja Mhindi, mzee Ramji, pale Uhindini. Mzee mkali, mfupi, anakunywa chai siku nzima na kuimba nyimbo za dini yake huku akichoma risasi ya kuungia nyaya. Siku moja akanipa redio kaseti kubwa. Aliileta mzungu mmoja aliyekuwa akifanya kazi reli ya Zambia, akaondoka nchini asirudi kuichukua. Mzee akasema, "Kijana, ijaribu, kama inafanya kazi tunaiuza." Ndani yake kulikuwa na kaseti haina hata jina, imeandikwa kwa kalamu ya wino maandishi yaliyokwishafutika.

Nikabonyeza. Nikadhani spika imepasuka. Nikazima, nikaifungua, nikaikagua spika. Spika nzima kabisa. Nikawasha tena: magitaa yanakoroma, ngoma zinapigwa kama watu wanapakua mbao kwenye lori, na katikati yake mwanamume anapiga kelele kwa Kiingereza. Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba. Nikataka kuitoa, mzee Ramji akaacha kazi yake, akasikiliza, akaniuliza, "Kijana, huyu mtu analia. Anamlilia nani?"

Swali hilo lilinikaa. Nikaazima kamusi. Saa ya chakula wenzangu wakienda mamantilie, mimi nabaki na ile kaseti, nasikiliza neno moja, narudisha nyuma, nasikiliza tena, naandika kwenye karatasi za boksi. Wimbo mmoja ulinichukua karibu mwezi. Ni wimbo wa mtu aliyeanguka shimoni. Watu wanapita juu, mmoja anamshauri, mwingine anamcheka, wa tatu anamrushia kamba. Na yeye anaimba, tena kwa hasira: mikono yangu imevunjika, kamba nitaishika na nini? Usinirushie kamba. Shuka.

Ndivyo ulivyoishia. Shuka, shuka, shuka, mpaka sauti inakatika.

Lusungu, mimi nilikuwa nimepata kipaimara. Mwinjilisti aliniuliza kwa nini Mungu alifanyika mtu, nikajibu neno kwa neno, akanisifu mbele ya wenzangu. Lilikuwa jibu tu. Pale Uhindini, nikiwa nimeshika bisibisi, ndipo nilipoelewa mtu wa shimoni anataka nini. Nikajifunika uso kwa kitambaa cha kufutia redio, nikalia. Mzee Ramji aliniona. Akaninunulia chai.

Najua watakavyokuuliza, kwa sababu na mimi nilijiuliza. Je, huyo mwimbaji alikuwa Mkristo? Sijui. Huenda alikuwa anamwimbia mwanamke aliyemkimbia. Huenda alikuwa amelewa chakari. Nilichukua kaseti nzima nikaitafuta dini ndani yake, na nyimbo nyingine nakwambia hazikuwa na kitu, ni pikipiki na pombe tu, na mbili zilikuwa chafu. Nilijaribu kuzilazimisha. Ile ya pikipiki niliifanya iwe safari ya mbinguni, mpaka nikajionea huruma. Usije ukafanya hivyo. Wimbo wa pikipiki uache uwe wa pikipiki. Lakini mtu akilia kweli shimoni, hata kama hajui anamlilia nani, wewe unayejua usijifanye hujasikia. Mimi sisemi yule mwanamume alikuwa na imani. Mimi ndiye niliyekuwa nayo, na nilimsikia.

Nikarudi Igowole na yale maboksi. Wakanipa kwaya ya vijana niifundishe. Na hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo soma polepole.

Niliutafsiri ule wimbo. Nikautoa makelele, nikaupa mwendo wa taratibu, nikaupanga sauti nne. Tukauimba wakati wa Majilio, wakati kanisa zima linamngoja anayeshuka. Bibi yako, mama yangu, ambaye wewe una jina lake, alikuwa amekaa upande wa akina mama. Ubeti wa pili tu nikasikia amedaka sauti ya pili, hajafundishwa, anaitafuta mwenyewe akiwa benchini. Akina mama wakamfuata. Watu walilia, mwanangu, wanaume wenye makoti mazito ya kazi ya mbao walilia. Mchungaji wa wakati ule akasimama akauliza, "Wimbo huu ametunga nani?"

Nikasema, "Roho amenipa, mchungaji."

Bado naisikia sauti yangu. Kijana wa miaka ishirini na kitu, suruali mpya, watu wote wananiangalia. Ningesema tu kwamba niliukuta ndani ya redio ya mtu. Sentensi fupi! Lakini nilitaka kusifiwa, basi nikasifiwa. Tukapelekwa mashindano ya jimbo, tukashinda, nikaitwa mtunzi.

Mwaka haukuisha. Kijana mmoja aliyekuwa akisoma Iringa mjini akaja likizo, akausikia, akasema mbona huu ni wimbo wa roki, anao kwenye kaseti. Akauleta. Baraza la wazee likakaa, wakausikiliza ule wa mzungu kwa redio yangu mwenyewe. Loo! Wewe uliwaona wazee wako juzi. Ongeza ukali mara mbili. Mmoja alitoka nje akisema kichwa kinamuuma. Wakaniweka chini ya marudi, na baada ya miezi michache wakaniandikia sentensi ya kutubia. Jumapili nikasimama mbele, nikaisema. Mchungaji akaniwekea mikono, watu wakaja kunipa mkono huku wanaimba, na kama ilivyo desturi yetu, aliyerudishwa hatajwi tena kwa kosa lake. Ndiyo maana hukuwahi kusikia. Mama yako anajua kwamba niliwahi kurudi kundini na anajua ni kwa wimbo. Asichokijua ni kwamba nilidanganya nikiwa natubu.

Kwa sababu sentensi ile haikusema "nilidanganya nikasema ni wangu." Kosa hilo hata hawakuliuliza! Wao walitaka niseme wimbo ni wa shetani, na kwamba hamna neno la Mungu ndani yake. Mimi nilikuwa nimelisikia hilo neno nikiwa na bisibisi mkononi. Nikasema hamna. Nilitubu dhambi isiyo yangu, na ile yangu nikatoka nayo kanisani, nikaenda nayo nyumbani, nikala nayo ugali.

Tangu hapo mambo yangu yalinyooka sana. Nilioa. Nilipewa ukatibu, maana naandika vizuri na nimetulia, wanavyosema. Kumbe mtu aliyefungwa hana namna ila kutulia. Kila nilichopewa nilipewa kwa sababu ya ile sentensi, kwa hiyo kila nilichopewa kilinizuia kuitoa. Kijana angeweza kusimama akasema nilikosea kutubu, wakamcheka wakamsamehe. Katibu hawezi. Baba mwenye watoto waliobatizwa hapa, mume wa mwenyekiti wa akina mama, aanzie wapi? Na wale wote niliowaandikia mimi sentensi zao, wasichana wenye mimba, wanaume walevi wa ulanzi, wakaja wakazisoma: nikisema yangu ilikuwa ya uongo, nao wataniuliza kuhusu zao. Nimekuwa nikiyazunguka haya miaka yote, mama, na kila nikigeuka nakuta ukuta, na matofali nimepanga mwenyewe.

Sasa la bibi yako. Hili sijamwambia mtu.

Ulikuwa na miaka minne. Alikuwa amelala chumba kile unacholala wewe, hali mbaya, amebaki mwepesi kama mtoto. Jioni moja nimekaa naye peke yetu, akanishika mkono akasema kwa Kihehe chetu nimwimbie. Nikamuuliza upi. Akasema, "Ule wa shuka." Nikajifanya sijaelewa. Akaanza mwenyewe, sauti ya pili, ile ile aliyoitafuta siku ile benchini. Alikuwa ameitunza. Desturi ilimfunga mdomo asinitajie kosa langu, lakini wimbo hakuuacha.

Nami nikamwambia, "Mama, ule nilishaukana." Nikachukua kitabu nikamwimbia mwingine. Mzuri, wa kanisa, hauna tatizo lolote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi, mwanangu. Asante." Akageukia ukutani. Asubuhi ya pili yake alikuwa ameondoka.

Nimeandika hapo juu kisha nikatoka nje kidogo. Nimerudi.

Alikuwa shimoni, mikono haina nguvu, akaniomba kitu kimoja. Na mimi nikamrushia kitabu. Wanaume wengine wanajutia ulevi na wanawake. Mimi najutia kwamba siku ile nilikuwa mshirika mwema. Nimelia sana kwa hilo, na kulia hakujanisaidia.

Haya, twende kwako.

Siku ya Vijana uliposimama na wenzako na lile gitaa la kuazima, nilikuwa nimekaa mezani naandika idadi ya waliohudhuria. Ukasema kwenye kipaza sauti, wazi kabisa, "Wimbo huu si wetu. Ni wa watu wa roki wa nje, nimeutafsiri, na sijui kama wanaamini. Lakini mimi nikiuimba ninaomba." Kisha ukaimba yale maneno yako, nimepiga kelele mpaka sauti imekauka, kama upo usinijibu, kaa nami tu. Kalamu ikanianguka. Si kwa sababu ya wimbo. Kwa sababu ulisema katika pumzi moja kile nilichoshindwa kukisema mimi nilipoulizwa mbele ya kanisa lile lile. Binti yangu wa miaka kumi na tisa! Nilijivuna mpaka nikaona aibu, halafu nikaogopa, na woga ndio ulioshinda, kama kawaida yake.

Siku ya baraza ulikaa nje kwenye benchi, hukuona kilichotokea ndani, nami nataka ukijue kutoka kwangu. Waliitafuta video ya wale waimbaji kwenye simu ya mwinjilisti. Wazee saba wamebanana kwenye kioo kidogo, mmoja kavaa miwani ya mwenzake. Wakaona michoro ya mwilini, wakaona fuvu kwenye ngoma, na kabla wimbo haujafika penye maneno bando likaisha. Ebo, kesi ikaamuliwa kwa nusu wimbo! Mchungaji akasema anayeafiki anyooshe mkono. Mimi mkono wa kulia ulikuwa unaandika muhtasari. Nikanyoosha wa kushoto. Nikaendelea kuandika huku nimeunyoosha, nikaandika "wajumbe wote wameafiki," na wote hao mimi nilikuwemo.

Ulipoingia na nilipomaliza kukusomea, uliniangalia mimi tu. Nilikuwa natafuta kifuniko cha kalamu.

Bado hujasikia lililo baya. Baraza lilinipa kazi ya kukuandikia sentensi ya kutubia. Nilikuja hapa ofisini, nikakaa kwenye kiti hiki. Sikujua niandike nini. Kalamu ilikataa. Basi nikafungua kabati, nikatoa daftari la miaka ile, ambalo nilishalikuta siku ya kwanza ya ukatibu wangu nikalirudisha haraka kama limeniunguza. Nikatafuta ukurasa wangu. Nikanakili. Hiyo karatasi uliyonayo, "Nakiri kwamba wimbo niliowafundisha wenzangu ni wa shetani na hamna neno la Mungu ndani yake, nami naukana mbele za Mungu na kanisa lake," hiyo ni yangu, Lusungu. Neno kwa neno. Nilichobadilisha ni jina tu.

Nilikuwa na maneno yote ya Kiswahili ya kuchagua, nikakupa yaliyoniua mimi.

Jumapili iliyopita ulipoitwa mbele ukabaki umekaa, umeikunja karatasi mara nne, mama yako alilia kwa aibu. Mimi nilikaa nimekunja uso kama baba aliyechukizwa. Ndani nilikuwa nasema, usisimame, mama, usisimame, usisimame. Uso wangu umezoea kutosema ninachosema.

Sasa sikiliza. Sitaki ubebe hii barua kama bendera. Wale wazee si watu wabaya. Mmoja wao alimbeba bibi yako mgongoni mvua ya masika alipougua, mpaka barabarani. Wanaogopa watoto wao watapotea Mbeya, na watoto kweli wanapotea. Ukikutana huko na watu watakaokwambia kanisa ni upuuzi, usiwape hadithi yangu wanywee bia. Na wewe mwenyewe usije ukaipenda roki kwa sababu tu imekukosanisha na sisi. Hiyo nayo ni kamba fupi. Uwe mkweli nayo kama ulivyokuwa kwenye kipaza sauti. Wimbo ukiwa na uchafu, sema una uchafu. Ukiwa mtupu, sema mtupu. Na ukikuta ndani yake mtu analia kama wale wa Biblia waliomlalamikia Mungu bila adabu, kaa naye, mwombee, imba naye kama unaweza. Halafu ukiulizwa uliutoa wapi, sema ulikoutoa.

Na kama una kosa, tubu lile lako hasa. Usikubali kupewa la kushonewa. Mimi nilivaa la kushonewa, likanikaa vizuri mpaka watu wakanisifu.

Mama yako atauliza kama nimekushawishi. Nitamwambia nimekuandikia, ambayo ni kweli. Usimkasirikie. Yeye anaona binti yake anakwenda mji wa mbali bila meza ya Bwana, na kwake hilo ni sawa na kukuona unakwenda bila nguo kwenye baridi. Ukiamua kupita kwa mchungaji ili moyo wake upoe, nitaelewa. Nitaelewa kabisa, maana nilishapita. Sina haki ya kukudai ushujaa nisiokuwa nao. Ila sitakwambia upite. Nimetumwa hilo na nimeshindwa, na katika kazi zote za ukatibu hii ndiyo ya kwanza ninayofurahi kuishindwa.

Kesho mimi ndiye nitakayebeba begi kubwa. Mama yako atakuagia nyumbani, miguu yake haiwezi ule mlima. Tukifika pale njia inapokata kwenda kwa mchungaji, sitasimama na sitakuangalia usoni. Ukikata, nitakungoja nje, na ukitoka hatutaongea habari zake. Ukienda moja kwa moja, nitakwenda nawe mpaka upate gari la Nyololo, huko ndiko utakakodandia basi la Mbeya. Nitakuwa kimya. Ukimya wa kesho usiusome vibaya kama ulivyousoma ule wa baraza.

Kisha nitarudi kwa njia hiyo hiyo. Wazee watakuwa bado wamekaa sebuleni, chai imepoa, wanamngoja Lusungu. Nataka niingie mimi. Nataka niwaambie kwamba nilidanganya mara mbili, nilipouita wangu na nilipouita wa shetani, na kwamba sentensi ya binti yangu niliiiba kwenye daftari. Najua kitakachofuata. Wataniuliza kama ni ugonjwa. Wataniweka chini ya marudi, watachukua funguo za ofisi hii, na mama yako atajiuzulu uenyekiti kabla hawajamwomba. Tutakaa wawili nyumbani tunaangaliana, na atakuwa na haki ya kuniangalia vyovyote apendavyo.

Siwezi kukuahidi. Nimeshajiahidi mara nyingi, hata wiki ile ya msiba wa bibi, na kila mara nilifika mlangoni nikakumbuka jambo la haraka mahali pengine. Naweza kesho nikakumbuka jambo la haraka. Ndivyo nilivyo, ni bora uondoke ukinijua. Kwa hiyo usinipigie kuniuliza, maana naweza kukudanganya, mimi ni mzoefu.

Lakini mama yako hawezi kuficha kitu. Kama kesho ukiwa njiani, kabla hujafika Mbeya, simu ikaita ukamsikia analia na kufoka kwamba baba yako ametuaibisha, ameingia wazimu, tutaonana wapi na watu, usimkatie na usimtulize upesi. Mwache aseme yote. Ujue nimeingia.

Mimi baba yako